Ndoto juu ya kesho ya Kanisa: tuzipime pamoja

Masomo: Yeremia 23:25-32, Matendo 16:6-10, 1 Wathesalonike 5:19-22

Tangu M23 walipouchukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka ule ule, sisi wa Maniema tumekuwa watu wa kutega sikio. Tunasikiliza redio, tunawasikiliza wasafiri wanaotoka Kivu, na tunasikiliza ndoto. Katika vyumba vya maombi vya Kasongo na Kabambare, katika mikesha na katika sauti zinazotumwa kwa simu, ndoto zinasimuliwa kama habari za hakika: Kanisa litatawanyika, Kanisa litavuka mto, kiongozi fulani ataondolewa na mwingine amekwisha kupakwa mafuta.

Hatuandiki ili kumcheka yeyote. Mtu akitaka kusema kwamba Mungu hawezi kusema na watu usiku, itambidi aondoe katika Biblia yake habari za Yakobo, za Yusufu, za Danieli na za mume wa Mariamu. Siku ya Pentekoste Petro alirudia ahadi ya Yoeli, na ndoto za wazee zimo ndani yake. Swali letu ni jingine: ndoto inayohusu Kanisa zima, nani ana haki ya kuitafsiri?

Kwa nini ndoto zimezidi

Kwanza ni hofu. Katika teritori ya Kabambare watu hawakungoja vita vya Goma ili kujua kukimbia. Pale Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, familia zimekimbilia porini mara nyingi kwa sababu ya mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika. Mhubiri amekwisha kutuambia kwamba ndoto huja kwa wingi wa shughuli. Mama aliyelala na viatu miguuni, tayari kukimbia, ataota anakimbia. Ndoto yake ni ya kweli, maana inasema ukweli wa moyo wake, na inastahili kuombewa. Lakini si kila ndoto ya kukimbia ni amri ya Mungu kwa parokia nzima kukimbia.

Pili ni urithi wetu. Wazee wetu waliamini kwamba marehemu huja usiku kuonya ukoo. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi tangu siku za Tippu Tip, na jirani zetu hao wana adabu yao juu ya ndoto: iliyo njema ni zawadi ya Mungu, iliyo mbaya haisimuliwi ovyo. Sisi tumeleta Biblia juu ya hayo yote, lakini mara nyingi tunaota kama Wakristo na kutafsiri kama watu wa ukoo: nani ametuonea wivu, nani ametuloga, nani atakufa.

Tatu, na hili tuliseme bila kuficha, ndoto ina faida katika ugomvi wa uongozi. Anayesema "nafikiri" anaweza kujibiwa. Anayesema "nimeoteshwa" amefunga mlango, na anayempinga ataonekana anapingana na Mungu. Jumuiya zetu za Kiprotestanti zimepasuka mara nyingi kwa ajili ya viti. Ndoto inayotokea wiki moja kabla ya uchaguzi, na kumpa kiti yule aliyeiota au ndugu yake, ipimwe mara mbili.

Makosa mawili ya historia

Historia inatuonyesha kwamba tunaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzima haraka. Simon Kimbangu alikuwa mwana wa misheni ya Wabaptisti huko Kongo ya Chini. Aprili 1921, pale Nkamba, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, akisema Mungu amemwita. Serikali ya Wabelgiji haikutaka kupima neno lake, iliogopa tu umati wa watu. Septemba mwaka ule alikamatwa, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Hata asiyekubaliana na mafundisho ya Kanisa lililotokana naye anaona kwamba minyororo ya miaka 30 haikuwa kupima roho.

Kosa la pili ni kupokea haraka. Mwaka 2011, kule Samunge katika Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto mti wa kutibu magonjwa sugu. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Watu walifika kwa maelfu, hata kutoka nchi jirani, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani kabla ya kunywa, na wapo walioacha dawa za hospitali. Bei ilikuwa ndogo, na mzee yule hakuonekana kuwa mtu wa tamaa. Shida ilikuwa kwamba wakubwa wa serikali na wa kanisa, ambao kazi yao ilikuwa kupima, wengine wao walikwenda kunywa kabla kipimo hakijafanywa.

Ndoto zinazoua

Kuna ndoto ambazo hazipaswi kupewa hata dakika moja mbele ya kusanyiko. Ya kwanza ni ile inayotaja jina la mchawi. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kutajwa na wale wanaoitwa bajakazi, wanawake wanaosema wamepewa karama ya kuwafunua wachawi. Damu ile ilianza na neno lililosemwa kwa jina la Mungu. Mtu akileta ndoto ya namna hii kwetu, mchungaji amnyamazishe, kisha aende kumlinda yule aliyetajwa.

Ya pili ni ile inayoahidi kinga ya vita. Wazee wetu wanaikumbuka 1964, wakati Wasimba walipoishika Maniema. Vijana waliambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka. Leo kijana wa kwaya akiambiwa kwamba mtu ameota malaika wakimzunguka, kwa hiyo achukue silaha, tumkumbushe makaburi ya babu zake.

Paulo hakuamua peke yake

Tusome vizuri habari ya Troa. Aliyeona maono ya usiku, mtu wa Makedonia akiomba msaada, ni Paulo peke yake. Lakini Luka anapoeleza uamuzi, anaandika kwa wingi: sisi tulielewa, sisi tukatafuta njia ya kwenda. Maono yalikuwa ya mmoja, tafsiri ikawa ya wote.

Tuangalie pia matunda. Yusufu alipotafsiri ndoto za Farao hakuishia kutangaza njaa, alipanga ghala na kuweka akiba sehemu ya tano ya mavuno. Agabo alipotabiri njaa, kanisa la Antiokia halikukaa kubishana juu ya siku za mwisho, lilichanga msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Neno la Mungu juu ya kesho linawapa watu kazi ya leo.

Kwa hiyo tunashauri makutaniko yetu haya:

1. Ndoto inayohusu Kanisa ipelekwe kwanza kwa mchungaji na wazee, wakina mama wakiwamo, kabla ya kusimuliwa madhabahuni au kutumwa kwa simu.
2. Iandikwe pamoja na tarehe, ili isibadilishwe baada ya mambo kutokea. Kumbukumbu la Torati 18 linatuamuru tuangalie kama neno limetimia.
3. Ipimwe kwa Maandiko, na tuulize: inamletea nani fedha, kiti au kisasi?
4. Asilaumiwe anayesema "sijashawishika". Paulo mwenyewe aliagiza manabii wapimwe na wenzao.
5. Mwotaji asiaibishwe. Mara nyingi anayehitaji kusikilizwa ni mtu, kuliko ndoto yake.

Yako mambo ambayo hatuhitaji kuoteshwa. Wahami wanafika, nao wana njaa. Mpunga wa Kasongo unavunwa, na sehemu yake inaweza kuwekwa akiba katika ghala ya kanisa. Watoto wa Salamabila wanahitaji shule kuliko shimo la dhahabu. Tukiyafanya hayo, kesho itakapofika, iwe ya amani au ya kutawanyika, itatukuta tukiwa Kanisa.

Bwana awape wazee wetu ndoto njema, na atupe sisi sote moyo wa kuzipima. Amina.