Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: mlango u wazi, watoto wetu wako wapi?

  

Ndugu msomaji, Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa jamaa yetu hapa Vudee alinisubiri nje ya msikiti mpaka watu wakapungua. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani akaniambia kwa upole: "Katibu mwanangu, miaka mitatu iliyopita ulituambia tusubiri. Tumesubiri."

Nilikumbuka mara moja. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama zake hazikumfikisha kidato cha tano. Mzee alikuja kuniuliza kama ni sawa ampeleke katika chuo cha serikali akajifunze ushonaji. Wakati huo nilikuwa mgeni katika ukatibu, nimetoka chuo cha dini si muda mrefu, na jibu langu lilikuwa jepesi. Nilimwambia kwamba vyuo vile vina mchanganyiko wa watu wa kila namna, kwa hiyo ni bora asubiri mpaka Waislamu tujenge chuo chetu cha wasichana. Hadi leo hatujaweka hata jiwe la msingi. Binti aliyekuwa na miaka 18 sasa ana miaka 21, na ujuzi alio nao ni uleule aliokuwa nao siku ile.

Mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nimeona ni wajibu wangu, kabla ya kutoa nasaha nyingine yoyote, nieleze vyuo hivi nilivyovikataza bila ya kuvijua ni vyuo gani.

Vilikotoka

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni kubwa ya kufuta ujinga ikafuata. Watu wazima kwa mamilioni wakajua kusoma na kuandika. Likabaki swali: mtu aliyekwisha kujua kusoma aende wapi tena, na umri wa kukaa darasani na watoto umempita?

Jibu lilipatikana kwa kutazama nchi za Skandinavia. Huko Denmark, mwaka 1844, kilifunguliwa chuo cha kwanza cha wananchi katika mji wa Rødding, kwa fikra za mchungaji mmoja aitwaye Grundtvig, aliyeona kwamba mkulima naye anastahiki elimu ya kumwinua hata kama hatafuti cheti. Sweden ikafuata mwaka 1868. Kwa msaada wa Sweden, Tanzania ikaanzisha vyuo vyake, vingine katika majengo yaliyokuwa vituo vya mafunzo ya wakulima. Katika siku hizo za mwanzo kijiji ndicho kilichomchagua mwanafunzi, na kijiji kilitarajia arudi kuwatumikia wenzake.

Msaada wa nje ulipopungua katika miaka ya 1990, vyuo vingi vilichakaa: mapaa yakavuja, karakana zikakosa zana, na watu wakavisahau. Baadaye vilihamishwa kutoka wizara iliyosimamia maendeleo ya jamii na kuwekwa chini ya Wizara ya Elimu, na serikali ikaanza kuvikarabati. Leo vipo 54 nchini. Mkoani kwetu Kilimanjaro vipo Msinga na Mamtukuna, upande wa Tanga kipo Handeni, na hata katikati ya jiji la Dar es Salaam kipo Arnautoglu. Ukivitazama kwa pamoja, utaona ni kama chuo kimoja kikubwa cha umma chenye matawi 54, ambacho kila mlipa kodi wa nchi hii ana sehemu yake ndani yake.

Nani anasoma humo

Jambo lililonishangaza nilipoanza kuulizia ni upana wa mlango wake. Yupo aliyemaliza darasa la saba tu, na yupo aliyefika kidato cha nne. Yupo kijana wa miaka 17, na yupo mama wa makamo aliyekuja kwa wiki chache kujifunza kusindika vyakula au kufuga kuku. Wapo wa makabila yote na wa dini zote. Kozi ndefu huchukua takriban miaka miwili: useremala, uashi, umeme wa majumbani, uchomeleaji wa vyuma, ufundi wa magari, ushonaji, upishi, kilimo na mifugo. Kozi fupi hupangwa kufuatana na mahitaji ya watu wa eneo husika.

Lipo pia jambo ambalo kila mzazi mwenye binti anapaswa kulijua. Kupitia mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimewapokea wasichana walioacha shule, wakiwamo waliopata watoto. Humo walisoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha, na vyuo vikaweka mahali pa kulelea watoto wao wakati mama wako darasani. Tujiulize kwa insafu: binti wa jirani yetu alipopatwa na mtihani huo, sisi jamaa tulimfungulia mlango gani? Wengi wetu tulimfungulia mdomo tu.

Hofu zetu

Sitaki kuzidharau hofu za wazazi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizihubiri. Hofu ya kwanza ni mchanganyiko. Ni kweli wavulana na wasichana husoma pamoja, na walimu ni wa dini mbalimbali. Lakini turejee katika sira. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, wapo mateka wa Makka waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa. Imepokewa kwamba fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Walimu wale hawakuwa Waislamu, na siku chache kabla walikuwa wameshika panga dhidi ya Waislamu. Mtume (s.a.w.) aliitenganisha elimu yenye manufaa na itikadi ya aliyeibeba, huku malezi ya watoto yakibaki mikononi mwa wazazi wao. Mipaka ya sharia katika mavazi, mazungumzo na faragha haiondoki kwa sababu binti ameingia karakana, na wala haihifadhiki kwa sababu tu amekaa nyumbani na simu mkononi.

Hofu ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hivi ni vyuo vya waliofeli. Hapa naona tumesahau mafundisho yetu wenyewe. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na akafundishwa kutengeneza mavazi ya vita. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Mitume hawakuona haya kwa kazi ya mikono, ila sisi tunaona haya mtoto akiitwa fundi, hatuoni haya akishinda kijiweni Same mjini akisubiri pikipiki ya mtu.

Hofu ya tatu ni ya haki kabisa nayo ni gharama na ubora. Ada ya chuo cha serikali ni nafuu ukilinganisha na vingi vya binafsi, lakini ada si gharama yote. Lipo godoro, vipo vifaa vya kozi, ipo nauli ya kushuka mlimani na kurudi. Tena si vyuo vyote vyenye karakana kamili. Mzazi asimpeleke mtoto kwa kusikia tu.

Ndiva na zamu yake

Sisi Wapare tunaijua ndiva. Wazee wetu waliijenga kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu, ili maji ya usiku yakusanywe na asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Kila aliyeshiriki kazi ana zamu yake. Lakini asiyefika na jembe lake kwenye mfereji siku ya zamu yake, maji humpita yakaenda kwa mwingine, na hana wa kumlaumu. Vyuo hivi navyo tumevichangia kwa kodi zetu tangu mwaka 1975. Maji yanapita. Wenzetu wamefika na majembe yao, sisi tumekaa baraza tukijadili kama maji hayo ni ya kwetu.

Simaanishi tuache nia ya kujenga chuo chetu. Nia hiyo ni njema na tuiendeleze. Lakini mtoto hakui kwa kusubiri jengo, na ujenzi wenyewe utahitaji waashi, maseremala na mafundi umeme. Watatoka wapi, ikiwa hatuwapeleki watoto kujifunza leo?

Tufanye nini

Kwanza, mzazi aende mwenyewe chuoni kabla ya kuamua. Aulize mabweni ya wasichana yako wapi na nani msimamizi wake, pa kuswalia pako wapi, ruhusa ya swala ya Ijumaa ikoje, na mwezi wa Ramadhani daku na futari hupangwaje. Akiona bweni halimridhishi, atafute ndugu anayeishi karibu na chuo. Na siku ya kuanza, baba ampeleke binti yake kwa miguu yake, asimwache apande basi peke yake na fomu mkononi.

Pili, aingie karakana atazame kwa macho yake. Je, vyerehani vipo na vinafanya kazi? Wanafunzi wangapi hutumia kimoja? Je, mwisho wa kozi kuna mtihani wa ufundi stadi unaotambulika?

Tatu, tupange mwisho kabla ya mwanzo. Fundi cherehani asiye na cherehani atarudi kukaa palepale alipotoka. Kamati yetu ya msikiti imekubaliana kufungua daftari la vijana wa jamaa walio tayari kusoma, wa kike na wa kiume, na kutenga sehemu ya sadaka ya kila mwezi kwa ajili ya zana zao za kuanzia kazi. Fedha ni kidogo. Tutaanza na wawili.

Jina la kwanza katika daftari hilo nimeliandika mwenyewe, kwa idhini ya baba yake. Jumapili baada ya alfajiri nilipanda hadi nyumbani kwao kuomba radhi, nikamkuta binti anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ustadhi, kozi inaanza lini?"

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atusamehe kwa nasaha tulizozitoa bila ya elimu, na awafungulie watoto wetu milango ya kheri. Wallahu a'lam.