NDOA: BUNGE LIAMUE AU WANANCHI?



Mwezi wa Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kubadili Katiba ya nchi. Tangu siku ile wengi wamebishana juu ya muda wa Rais tu. Lakini Katiba ina vifungu zaidi ya 200, na mlango ukifunguliwa kwa kimoja umefunguliwa kwa vyote. Leo twataka kusema juu ya kifungu cha 40, maana chaingia ndani ya nyumba ya kila mtu. Chasema: kila mtu ana haki ya kuoana na mtu amtakaye, wa jinsia isiyo yake, na kujenga jamaa.

Katika nchi nyingine ndoa ya watu wa jinsia moja imekwisha kuruhusiwa. Huku kwetu kulitaja neno hilo tu ni kuamsha ugomvi. Gazeti hili halisemi leo kama ni jema au ni baya. Twauliza neno linalotangulia: siku likiletwa, nani mwenye kuamua?

Nchi zimefuata njia mbili. Wabelgiji waliamua katika Bunge lao mwaka 2003. Watu wa Ireland waliulizwa wote mwezi wa Mei 2015, na 62 kwa mia wakakubali. Jirani zetu nao hivyo hivyo. Mwaka 2005 Bunge la Uganda liliandika katazo la ndoa hiyo katika Katiba, wala raia hawakulipigia kura. Wakenya walipiga kura Agosti 2010, wakaikubali Katiba isemayo kwamba mtu aoana na mwenzake wa jinsia tofauti.

Na sisi? Tarehe 18 na 19 Desemba 2005 tulipanga mistari, akina mama na watoto mgongoni, na zaidi ya 84 kwa mia ya waliopiga kura nchini waliikubali Katiba, kifungu cha 40 kikiwa ndani yake. Basi aliyefunga fundo ndiye wa kulifungua.

Watatujibu: wabunge ni wajumbe wenu. Ni kweli, na sheria nyingi ni kazi yao. Mwaka 2016 waliigeuza Sheria ya Jamaa, wakaondoa amri ya mke kuomba ruhusa ya mumewe. Hatukupiga kura, na walifanya vema. Lakini ile ilikuwa sheria. Hii ni Katiba. Kifungu cha 218 chataka mageuzi ya Katiba yarudi kwa kura ya wananchi, kisha chaacha mlango wa nyuma: Bunge na Seneti wakikaa pamoja, na sehemu tatu kwa tano wakikubali, kura haipigwi. Januari 2011 walipita mlango huo, wakafanya uchaguzi wa Rais uwe wa duru moja. Watu wasiofika 400 watosha kufanya hivyo. Wazee wetu waliijua desturi hii: hata Sheria ya Msingi ya Mei 1960, tuliyoingia nayo katika Uhuru, ilipitishwa na Bunge la Brussels.

Kwa hiyo twasema: kura ya wananchi. Lakini iwe kura ya kweli.

Kwanza, maandishi yasomwe kwa Kiswahili na lugha nyingine za taifa, kama kifungu cha 142 kinavyoamuru kwa kila sheria.

Pili, neno la ndoa liulizwe peke yake. Mwaka 2005 tuliulizwa Katiba nzima kwa ndiyo moja. Kesho wakubwa waweza kufunga neno la ndoa pamoja na muda wa Rais, tumeze moja kwa ajili ya lingine. Jihadharini na dawa chungu iliyopakwa asali.

Tatu, pasiachwe mahali. Desemba 2018 Beni na Butembo hawakupiga kura ya Rais pamoja na nchi. Desemba 2023 Masisi na Rutshuru waliachwa. Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Kura isiyofika Kivu ni watu wengine kutuamulia sisi.

Na jambo moja lisiwekwe katika sanduku lolote: mwili wa mtu. Mwaka 2013 muswada wa kuwaadhibu wapendao wa jinsia yao ulipelekwa Bungeni, haukuwa sheria. Kifungu cha 16 chasema mtu ni mtakatifu, na cha 220 chakataza kupunguza haki zake. Wengi wape, walisema wazee. Wapewe kuamua ndoa ni nini. Hawakupewa ruhusa ya kumpiga jirani wala kumfukuza mtoto wa mtu.

Wananchi wa Kadutu, Ibanda na Bagira, someni vifungu 40, 218 na 220, na mwenye kusoma amsomee asiyejua. Mjumbe akija kuomba sauti yenu, mwulizeni mbele ya watu: siku hiyo utaturudishia neno, au utapita mlango wa nyuma?