Shahidi Aitwe, Fimbo Iachwe

Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2001, wafuasi wa Chama cha Wananchi, CUF, walitoka majumbani mwao katika miji ya Pemba kuandamana. Walikuwa wakidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Wete, Micheweni na Chake Chake polisi waliwajibu kwa risasi. Katika siku na wiki zilizofuata, watu wapatao 2,000 walipanda mashua wakavuka hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Tanzania, iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo, kwa mara ya kwanza ikawa nchi inayokimbiwa.

Shirika la Human Rights Watch lilichunguza na kuandika kwamba waliouawa hawakupungua 35 na waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 600. Tume aliyoiunda Rais Benjamin Mkapa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Hesabu hizo mbili hazilingani, lakini zimekaribiana, na kukaribiana huko ndiko kunakopaswa kutufikirisha. Serikali iliyoanza kwa kuutetea mwenendo wa polisi wake iliishia kuandika idadi ya wafu kwa mkono wa tume yake yenyewe. Ilifika hapo baada ya dunia kuwasikiliza waliokuwa Shimoni, mahali ambapo mtu aliweza kutaja jina la ndugu yake aliyeuawa bila kuangalia nyuma yake.

Tangu hapo swali limekuwa likirudi kila baada ya uchaguzi. Chama cha siasa kinapobeba madhila ya wananchi na kuyapeleka Brussels, Washington au Geneva, kinawatetea watu au kinaiuza nchi? Wa upande mmoja huwaita wanaofanya hivyo vibaraka wa mabeberu. Wa upande wa pili huziona balozi za Magharibi kama ndiyo mahakama ya rufaa ya mnyonge. Naamini pande zote mbili zinakosea, na Pemba ndiyo mahali pazuri zaidi pa kuonyesha kosa lenyewe. Mgeni anafaa sana kuwa shahidi, na mara nyingine msuluhishi. Hafai kuwa fimbo.

Nianze na tuhuma ya usaliti, maana ndiyo nyepesi kuijibu. Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa na kueleza madai ya watu wa Tanganyika dhidi ya utawala wa Uingereza. Alikwenda kama rais wa chama cha siasa, TANU, na nauli yake ilitokana na michango ya wananchi. Hakuna Mtanzania anayeiita safari ile usaliti; tunaifundisha shuleni. Baada ya uhuru, Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walikuja kwetu kuomba msaada dhidi ya dola zilizowatesa watu wao. Na Katibu Mtendaji wa Kamati ile kuanzia 1972 hadi ilipofungwa 1994 alikuwa Hashim Mbita, yule yule aliyekuja kuhesabu maiti za Januari 2001.

Atakuja mtu aseme kwamba ule ulikuwa ukoloni na hii ni serikali yetu wenyewe. Tofauti hiyo ipo, na ni ya kweli. Lakini risasi haiwi nyepesi kwa sababu aliyeifyatua amezaliwa hapa. Tanzania iliridhia kwa hiari yake Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwa kufanya hivyo ilikubali kwamba namna inavyowatendea raia wake si siri ya nyumbani. Anayeyapeleka mateso ya Micheweni mbele ya wale tulioahidiana nao hajavuka mpaka wowote wa uzalendo.

Jambo gumu liko kwingine. Mgeni akishasikia, afanye nini?

Jibu lililozoeleka ni kukata misaada. Baada ya uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, wafadhili kadhaa walisitisha misaada yao kwa Zanzibar. Katika uchaguzi ule CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. Bei ya karafuu ilikuwa imeshaanguka, na kisiwa kinachoishi kwa karafuu kikajikuta kimepigwa kutoka pande mbili. Utawala haukutikisika. Miaka miwili baadaye wanachama wa CUF walianza kukamatwa kwa tuhuma za uhaini. Wote pamoja walifika 18, na waliachiwa Novemba 2000 tu.

Mwaka 2016 fimbo hiyo hiyo iliinuliwa tena. Tarehe 28 Oktoba 2015 Jecha Salim Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, alikuwa ameyafuta matokeo ya uchaguzi uliofanyika siku tatu kabla. Uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016 ulisusiwa na CUF, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Siku chache baadaye shirika la Marekani la Changamoto za Milenia, MCC, lilisitisha mkataba wa pili, wa umeme, uliokuwa na thamani ya dola milioni 472. Mkataba wa kwanza ndio uliokuwa umejenga barabara za vijijini huko huko Pemba. Aliyepoteza alikuwa mwananchi aliyekuwa akisubiri umeme. Waliofuta kura yake hawakupungukiwa na kitu, na uchaguzi haukurudi. Maalim Seif alizunguka Marekani na Ulaya mwaka ule akieleza kilichotokea. Alisikilizwa kwa heshima, akarudi nyumbani Dk. Shein akiwa Ikulu.

Januari 2020 Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo aliiandikia Benki ya Dunia akitaka izuie mkopo wa elimu wa dola milioni 500, wakati wasichana wanaopata mimba walikuwa wakifukuzwa shule. Dhuluma aliyoilalamikia ilikuwa ya wazi. Lakini barua ile iliwapa wapinzani wake hoja ambayo kila mzazi aliielewa mara moja: huyu anawanyima watoto wetu madarasa. Mkopo ukaidhinishwa mwishoni mwa Machi. Marufuku dhidi ya wasichana wale iliondolewa Novemba 2021, baada ya uongozi kubadilika.

Ndiyo maana siwezi kuunga mkono wito wa kukata misaada ya umma, hata hasira inapokuwa ya haki. Fimbo hiyo humkuta mgonjwa wa hospitali kabla haijamkaribia mtoa amri. Pia huigeuza kesi: badala ya serikali kuulizwa kwa nini raia wameuawa, mlalamikaji ndiye anayeulizwa kwa nini anataka nchi ife njaa. Kenya iliyaona haya kwa sura nyingine. Usuluhishi wa Kofi Annan uliozaa mapatano ya 28 Februari 2008 ulizima moto wa ghasia za baada ya uchaguzi. Lakini kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilizofuata ziligeuzwa ajenda ya kampeni ya 2013, washtakiwa wawili wakaingia madarakani, na mashtaka yakaporomoka moja baada ya jingine. Tena dola kubwa zina maslahi yake. Wazanzibari wanakumbuka jinsi visiwa vyao vilivyotazamwa kwa jicho la Vita Baridi mwaka 1964, wakati hofu ya wakubwa ilikuwa na uzito kuliko hali ya wenyeji.

Je, basi mambo yote yamalizwe nyumbani? Wanaosema hivyo huutaja mwaka 2009, na wana haki ya kuutaja. Muafaka wa kwanza, wa Juni 1999, ulipatikana kwa juhudi za Jumuiya ya Madola na Katibu Mkuu wake Emeka Anyaoku, na haukutekelezwa. Muafaka wa pili, wa Oktoba 2001, ulijadiliwa na CCM na CUF wenyewe, na nao ulikwama njiani. Ila tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar bila mgeni kati yao. Julai 31, 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao Pemba ilikuwa haijauona tangu vyama vingi virudi. Hakuna azimio la bunge lolote la nje lililowahi kuwapa Wapemba kitu cha thamani hiyo.

Mimi pia nayathamini maridhiano yale kuliko jambo lolote lililofanyika katika siasa za visiwa hivi tangu 1992. Lakini yaliishaje? Yalivunjwa 2015 kwa tangazo la mtu mmoja, na hakukuwa na mahakama iliyompa raia jibu la kumtosheleza. Wakati wa uchaguzi wa marudio, vijana waliofunika nyuso, ambao watu wa Zanzibar waliwaita mazombi, wakawa tishio la mitaani. Oktoba 2020, kura zilipokaribia, ACT-Wazalendo ilisema wafuasi wake wamepigwa risasi na kufa Pemba, polisi wakakanusha. Desemba mwaka ule Maalim Seif, ambaye sasa alikuwa ACT-Wazalendo, alikubali tena umakamu wa kwanza wa rais, akafariki Februari 2021. Maridhiano yaliendelea, lakini haikuundwa tume ya hadhi ya ile ya Mbita. Suluhu ya nyumbani isiyo na shahidi wala hakimu huishi kwa hiari ya mwenye nguvu, na hiari hiyo huchoka.

Hapa ndipo serikali inapaswa kuulizwa kwa ukali zaidi, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoifunga milango ya ndani. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Jebra Kambole, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mahakama hiyo iko Arusha, katika ardhi yetu. Hata hivyo, Novemba 2019 Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuipelekea kesi moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mtu wa Wete hakimbilii Brussels kwa sababu anaipenda. Huko anasukumwa na njia ya Arusha iliyozibwa. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika uchaguzi wa Oktoba 2025 maradhi yetu yaliumbuliwa mbele ya majirani: waangalizi wa SADC, ambao hakuna anayeweza kuwaita mabeberu, walieleza kwamba katika maeneo mengi wapigakura hawakuweza kuonyesha utashi wao wa kidemokrasia.

Vyama navyo vina deni lao. Kinachokwenda nje na kiende na ushahidi: majina yenye ridhaa ya familia, tarehe, mahali, taarifa za hospitali, namba za majalada ya polisi. Kianze karibu, kwenye Tume ya Afrika iliyoko Banjul, SADC, Umoja wa Afrika na Mahakama ya Afrika Mashariki, kabla ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Kama lazima mtu aadhibiwe, kiombe aadhibiwe aliyetoa amri. Januari 2021 Marekani iliwawekea vikwazo vya viza baadhi ya maofisa wa Tanzania kwa sababu ya uchaguzi wa 2020. Majina hayakutangazwa, na huo ulikuwa udhaifu wake, lakini angalau hakukuwa na mwanafunzi wala mgonjwa aliyelipia. Na chama kinachodai haki mbele ya wageni kikubali kipimo hicho hicho kwa wafuasi wake wanapochoma nyumba au kumpiga jirani kwa sababu ya rangi ya fulana yake.

Juu ya yote hayo kuna uwazi. Mara nyingi waraka uliokabidhiwa ubalozini au bungeni ng'ambo huandikwa kwa Kiingereza, na wanaotajwa humo husikia habari zake kutoka kwa wapinzani wa chama chao, zikiwa zimeshapindishwa. Hilo linaua imani, na linaifanya tuhuma ya kibaraka ipate pa kushika.

Kabla ya uchaguzi wa 2030, basi, madai yawe mawili na yaende pamoja. Serikali irudishe tamko la Arusha na ibara ya 41(7) ifutwe, ili mwenye shauri apate pa kulipeleka akiwa nchini mwake. Vyama navyo vichapishe kwa Kiswahili, na kusoma hadharani Wete, Chake Chake na Mkoani, kila waraka vinaoupeleka nje kuhusu Pemba: kilichosemwa, kilichoombwa, na jibu lililotolewa. Wapemba wamefiwa, wamekimbia na wamefutiwa kura. Wana haki ya kujua, kwa lugha yao, kile kinachoombwa kwa jina lao, na wana haki ya kukikataa.