Shahidi Asiye na Miguu

Tumwonapo buu wa nzi katika mzoga, twageuza uso upesi. Lakini hebu tumtazame kwa hadubini. Hana miguu, kinywani ana kulabu mbili nyeusi za kukwarulia chakula. Matundu makuu ya kupumulia yako nyuma, hata aweza kuzamisha kichwa nyamani akila, huku mkia wake ukivuta hewa.

Matundu hayo yamo katika mabamba mawili madogo. Kwa nzi wa kijani, buu akijivua ngozi mara ya kwanza, kila bamba huwa na mianya miwili; mara ya pili, mitatu. Mtaalamu huihesabu, hupima urefu wa buu na joto la mahali, kisha hukadiria mayai yalitagwa lini juu ya maiti. Hivyo aliyeuawa pasipo mtu kuona hupata shahidi.

Kwa maoni yetu, kinyaa si sababu ya kuharakisha maziko ya aliyekufa kifo cha mashaka. Tukimsafisha na kumzika kabla ya uchunguzi, huenda tukazika na ushahidi wake. Marehemu hawezi kujisemea. Tusimnyamazishe mara ya pili.