Simba-Bahari wa Sokoni: Ni Nani Aliyewafunza?

Katika mji wa Valdivia, kusini mwa Chile, wachuuzi wa samaki huuza bidhaa zao kando ya mto, yapata kilomita 15 kutoka Bahari ya Pasifiki. Nyuma ya meza zao hungoja wateja wasiolipa: simba-bahari, wengi wao wakiwa madume, ambao aliyekomaa aweza kufikia uzito wa kilo 300. Shakwe na mnandi nao hawako mbali. Mchuuzi akishapara na kupasua samaki, vichwa na matumbo hutupwa majini. Mgeni hutazama, hucheka, kisha husema kwamba wanyama hao ni wapole.

Kauli hiyo haina budi kupingwa. Mnyama huyo si mpole, amefunzwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner (1904–1990), alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na chakula hurudiwa. Alionyesha pia kwamba chakula kinachotolewa mara mojamoja huifanya tabia iwe sugu kuliko kinachotolewa kila mara. Basi mgeni anayetupa kipande kimoja tu, akidhani hakina madhara, hukazia somo hilo hilo.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Mnyama mwenye meno makali hupoteza hadhari yake, na watu hupoteza yao. Isitoshe, ndege, wanyama na binadamu husongamana mahali pamoja. Mwaka 2023 maelfu ya simba-bahari walikufa katika pwani za Peru na Chile kwa virusi vya mafua ya ndege, H5N1. Masoko hayakuleta maradhi hayo. Lakini msiba huo ulidhihirisha kwamba mpaka kati ya ndege na mamalia huvukwa.

Haifai kumlaumu mchuuzi peke yake, kwani mtoni ndiko karibu. Yafaa mabaki yakusanywe katika mapipa yenye vifuniko, kisha yatengenezwe chakula cha mifugo au mbolea.

Mwalimu wa Mwanza au Kisumu hana haja ya kusafiri hadi Chile. Kongoti wanaonyemelea mabaki ya samaki ni somo tosha la biolojia. Wanafunzi na wawahesabu kabla ya mabaki kutupwa na baada yake, wapime umbali ambao ndege humvumilia mtu, na waandike saa. Daftari na kalamu zatosha; ila mkono wa mtazamaji usitupe kitu.