Goma: karedio ka mapile na sauti za mbali

Vita ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikatika, intaneti nayo ikapotea. Simu zilipozima, karedio ka mapile ndiko kalibakia.

FM inategemea mnara wa karibu, na mwenye kushika mji anaweza kuuzima. Mawimbi mafupi yanatoka ng'ambo, yanagonga anga ya juu na kurudi chini, yanavuka mipaka bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana wazee wetu walizoea kutafuta BBC ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1957.

Lakini umbali nao si kinga. Tarehe 15 Machi 2025, Goma ikiwa haijamaliza hata miezi miwili mikononi mwa M23, Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe kule Washington. Radio Okapi, iliyozaliwa 2002, nayo inasimama kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Basi shida yetu si mapile tu. Mutu wa Ndosho au Birere anaweza kununua mapile. Pesa ya redio inakatwa mahali ambapo hana kura. Nchi kubwa kama Kongo ingepaswa kuwa na sauti yake inayofika mbali.