Miaka 9 bila pombe, na bado ninaogopa matanga

Wenzangu wa Katindo wananiambia: "Kaka, wewe ulishapona." Siwakubalii. Nimefikisha miaka 9 bila kugusa pombe, na mwaka wa 9 ndio nilikaribia kuanguka, si ule wa kwanza.

Vita ilipoingia Goma, Januari 2025, nilijichunga sana. Hatari ilikuja baadaye, kwenye matanga, watu wametulia, kasiksi inazunguka. Nikajiambia: glasi moja itanifanya nini, mtu mzima kama mimi? Miezi mingi sikuwa nimeongea na wale tulioacha pamoja. Niliona hayo ni ya wapya.

Mwaka 1935, Mmarekani Bill Wilson alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Biashara ilimwendea vibaya huko Akron, na baa ya hoteli ilikuwa karibu. Akakimbilia simu, akatafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Akampata daktari Bob Smith, na wawili hao wakaanzisha Alcoholics Anonymous. Yeye alijua yuko hatarini. Mimi, na miaka yangu 9, sikujua.

Sisi tunamshangilia aliyeacha: ushuhuda, makofi, kila mtu anaenda zake. Mwaka wa 7 nani anamuuliza kama analala? Motari akirudia kipimo chake cha zamani, mwili haukiwezi tena, na ana abiria mgongoni.

Siku ile niliomba sukre, nikatoka nje, nikampigia mwenzangu mmoja. Naye hakuwa ameulizwa na mtu tangu Noeli.